Matairi Manne ya Kiatu Chekundu

Jumamosi, 7 Novemba 1998

Leo Bi Kijakazi amelizunguka gari langu mara mbili kabla ya kukubali kuingia. Aliuliza milango mingine iko wapi. Nikamwambia ni miwili tu, ndivyo lilivyotengenezwa. Akainama, akachungulia ndani, akasema, “Hichi si gari, mwanangu Bena. Hichi kiatu.” Kisha akajipenyeza taratibu, akashika kile kishikio kilicho juu ya mlango, na hakukiachia mpaka tulipofika. Hata wakati wa kurudi, amechoka baada ya mashine na kope zinamshuka, mkono ulikuwa palepale.

Niandike vizuri maana hii ni zamu yangu ya kwanza. Bi Kijakazi ni Mzanzibari, anaishi Bladensburg na mwanawe Vuai, mpishi wa hoteli. Figo zake hazifanyi kazi. Mara tatu kwa wiki anapelekwa kituoni kusafishwa damu kwa mashine, na akikosa hata siku moja anavimba miguu na pumzi inakuwa shida. Gari la kituo lilimchelewesha mara kadhaa, ndipo umoja wetu wa Watanzania ukapanga zamu. Jumanne ni ya Mzee Gervas, dereva mstaafu wa ubalozi na ndiye mpangaji wa zamu zenyewe. Alhamisi ni ya Godlisten na pikapu yake. Jumamosi ni yangu, natoka Arlington.

Gari ni la Kijapani, jekundu, limeinama karibu kugusa lami, na nguvu zote ziko magurudumu ya nyuma. Tangu nije nchi hii kila nilichonunua kilikuwa cha lazima: koti, godoro, vitabu vya uhasibu. Hili nililitaka tu. Nikilitazama maegeshoni kazini natabasamu peke yangu, na wenzangu ofisini wameshazoea.

Jumamosi, 14 Novemba

Kiatu, kishikio, tumefika salama. Amenipa mandazi mawili yaliyofungwa kwenye leso.

Jumamosi, 21 Novemba

Njiani amenifundisha majina ya samaki ambao sisi wa Bukoba hatuwajui. Nikamtajia sato, senene na ndizi zetu. Akasema watu wanaokula panzi hawana haki ya kumcheka mtu anayeita gari kiatu. Tulicheka mpaka nikapitiliza kona.

Mama yangu alifariki nikiwa huku, huu ni mwaka wa pili. Sikuwahi kumfungulia mlango wa gari hata mara moja. Sasa Jumamosi nina mtu wa kumfungulia mlango, na namshukuru Mungu kwa hilo kuliko ninavyoweza kumweleza mtu yeyote hapa.

Jumatano, 25 Novemba

Mzee Gervas amepiga simu jioni. Salamu zake huwa fupi, unajua kuna amri inakuja nyuma yake. Akauliza matairi yangu ni ya namna gani. Nikamjibu ni meusi. Hakucheka.

Akasema ameyaona kanisani: mapana, laini, ya watu wa mwendo kasi, ya kiangazi. Theluji ikianguka gari lile litakuwa sabuni sakafuni. Ama niliuze ninunue gari la maana, ama theluji ya kwanza ikishuka niikabidhi Jumamosi yangu kwa mtu mwingine. Nikamwambia nimemsikia, Mzee. Nilipokata simu nikamwita Bwana Kanuni, na makochi ndiyo mashahidi wangu.

Kuliuza siliuzi. Jumamosi siitoi. Itabidi nitafute matairi.

Jumamosi, 28 Novemba

Baada ya kumrudisha Bi Kijakazi nimekwenda Fairfax, kwenye duka la matairi ambako Chebet anafanya kazi akiwa anasoma chuo. Ni Mkenya, mrefu, haongei kwa kubembeleza. Akapiga goti, akabonyeza tairi langu kwa ukucha.

“Hii raba ni ya joto,” akasema. “Baridi ikishika inakuwa ngumu kama plastiki, haishiki kitu. Hata hakuna haja ya snow. Na hizi za misimu yote zitakusaidia kiasi, lakini kwa gari inasukuma na nyuma na injini kubwa hivi, mimi singekudanganya. Chukua za winter, zote nne.”

Tena si za upana huu. Anataka niweke nyembamba zaidi, kwenye rimu ndogo za chuma, nyeusi tii. Nikamwambia dada yangu, nimetoka kwetu ambako kwenye tope mtu anatafuta tairi pana. Akasema pana inaelea juu ya theluji, nyembamba inachimba mpaka chini. Nikatazama zile rimu nyeusi. Zilifanana na sufuria zilizoungua. Nikauliza kama anaweza kuniuzia mbili tu za nyuma, kule kwenye nguvu, niendelee kupendeza mbele. Akakataa. Si kwamba alishauri nisifanye. Alikataa kuniuzia, akasimama, akafuta mikono.

Nimerudi nyumbani nimeudhika. Anayeuza matairi akikwambia ununue manne badala ya mawili, utamwamini vipi?

Jumatatu, 7 Desemba

Watu wanatembea na mashati ya mikono mifupi. Desemba! Mzee Gervas na theluji yake.

Jumamosi, 12 Desemba

Kishikio, kama kawaida.

Godlisten alikuwa kwa Vuai akirekebisha bomba. Nikamweleza habari ya Chebet, akacheka sana. Godlisten ni wa Machame, amekua akiendesha pikapu za kahawa kwenye tope la mlimani, na hakuna mtu ninayemwamini zaidi kwa mambo ya barabara mbaya. Akasema tairi zenye meno zinakaa kwenye magurudumu yanayosukuma, basi, ya mbele yanafuata tu. Na kitu kizito weka kwenye buti, juu ya ekseli ya nyuma. Ndivyo walivyopanda hadi juu kabisa masika yote.

Maneno hayo niliyaelewa kwa sababu hata baba yangu angesema hivyohivyo. Mchana nimekwenda duka lingine, wamenifungia matairi mawili ya theluji nyuma bila maswali. Upana uleule, rimu zilezile zinazong'aa. Gari linapendeza.

Jumapili, 20 Desemba

Ramadhani imeanza. Nimempigia Bi Kijakazi kumtakia heri na sauti yake ilikuwa ya chini. Madaktari wamemkataza kufunga. Tangu akiwa msichana hajawahi kula mchana wa Ramadhani kwa hiari, na sasa kila chai anayokunywa inamkaa kooni. Inambidi atoe fidia, kibaba cha mchele kwa kila siku asiyofunga, wapewe wasionacho. Vuai amemnunulia magunia mawili, na mchele wa pilau ya Idi humohumo. Mwisho wa mfungo mchele wa fidia wataupeleka msikitini ukagawiwe.

Jumamosi, 26 Desemba

Nilipomwambia natafuta kitu kizito cha kuweka kwenye buti, Bi Kijakazi alinyoosha kidole kwenye magunia yaliyoziba njia ya jikoni. Akasema yakae kwangu mpaka siku yake, yatakuwa yanamsindikiza kila Jumamosi. Vuai akayabeba. Gari limekaa chini nyuma, limetulia. Tumekwenda zetu, Mkatoliki na fidia ya Ramadhani kwenye buti, na Bi Kijakazi ameshika kishikio.

Jumamosi, 2 Januari 1999

Theluji kidogo imedondoka asubuhi, ya kufunika majani tu. Kilima cha mtaa wao nimekipanda bila gurudumu kuteleza. Nilitamani Mzee Gervas angekuwa dirishani. Bi Kijakazi akasema, “Kiatu kimepata soli.” Nimefurahi siku nzima.

Jumamosi, 9 Januari

Niandike leo hii hii, nisije kesho nikajidanganya kwamba lilikuwa jambo dogo.

Jana theluji ilianguka mchana kutwa, halafu ikageuka mvua ya barafu. Asubuhi kila tawi lilikuwa limevikwa kioo. Simu ya Mzee Gervas iliita nikiwa natafuta glavu na sikuipokea, nilijua atasema nini. Barabara kubwa zilikuwa zimemwagiwa chumvi. Nilivuka daraja, nikapita mjini polepole, nikafika Bladensburg bila shida yoyote. Kilima chao nimekipanda tena. Ngazi za Bi Kijakazi zilikuwa zimekwanguliwa safi na kunyunyiziwa chumvi. Nikasema moyoni, Vuai amefanya la maana kabla ya kwenda kazini.

Bi Kijakazi akatoka na makoti mawili na mtandio juu yake. Akashika kishikio. Tukaanza kuteremka upande wa pili wa kilima, kule barabara inakopinda kulia.

Nikakata usukani kulia. Gari halikukata. Liliendelea kwenda mbele, taratibu, kama vile usukani niliokuwa nimeushika ni wa gari la mtu mwingine. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamegeuka, nina hakika, lakini hayakushika chochote, na yale ya nyuma yenye meno mapya, pamoja na uzito wote wa magunia, yakawa yanatusukuma tu kuelekea kule ambako sikutaka kwenda. Nikakanyaga breki, ndipo mkia ukazunguka. Niliona nyumba, halafu miti, halafu nyumba ileile upande mwingine. Bi Kijakazi hakupiga kelele. Nilimsikia akisema “Ya Latifu, ya Latifu” kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita jirani.

Mkono wake wa kushoto ndio wenye ule mshipa wanaochomeka sindano. Ukiumia ule hakuna mashine. Bila kufikiri niliachia usukani nikaukinga kwa mkono wangu. Tukagonga rundo la theluji kwa ubavu, sanduku la barua la mtu likalala chini, na gari likasimama. Nyuma kulisikika mchele ukimwagika ndani ya buti, ukaendelea kumwagika kwa muda, kisha kimya.

Akanitazama. Akasema, “Mkono wangu mzima, mwanangu. Wako je?”

Hapo ndipo nilipolia. Yeye mwenye figo zilizokufa ananiuliza mimi hali yangu.

Mwenye sanduku la barua ni mama wa Kimarekani, mnene, amevaa viatu vya mvua na gauni la nyumbani. Nilitegemea matusi. Alimshika Bi Kijakazi kiwiko akamwingiza ndani, akamweka karibu na jiko, akanipa simu. Sanduku hakulitaja kabisa. Mungu ambariki yule mama.

Nilimpigia Godlisten. Alikuja na pikapu, anaendesha kama mtu anayebeba mayai, akatuchukua wote. Kituoni walikuwa wamemshikia Bi Kijakazi mashine. Alichelewa lakini alisafishwa damu saa zake zote. Nilikaa naye mpaka mwisho.

Tulipokuwa tunalikwamua gari langu Godlisten aliegemea koleo akasema, “Bena, nisamehe. Machame kuna tope. Barafu hakuna.”

Nikamwambia kwenye tope unataka kupanda tu, kwenye barafu unataka kupinda. Nilikuwa nimelielewa pale kwenye kona, kwa kuchelewa. Chebet alinikataza bure, bila kupata senti, na mimi nikamwita mfanyabiashara.

Jumapili, 10 Januari

Mzee Gervas alinisubiri nje ya kanisa. Alikuwa ameshayaona matairi yangu, mawili hivi na mawili vile, na alikuwa anatikisa kichwa. Nilijiandaa kugombana. Hakupandisha sauti. Akasema jina langu ameliondoa kwenye zamu kwa sasa, na Jumamosi atakwenda Godlisten. Akavaa kofia akaondoka.

Ningependelea angenifokea.

Jumamosi, 16 Januari

Jumamosi ya kwanza bila Bi Kijakazi. Nimefua nguo zisizohitaji kufuliwa. Nimefungua buti, nimeokota mchele punje kwa punje na kuurudisha kwenye gunia, maana ule si mchele wa kumwaga. Vuai amekuja kuyachukua magunia, apeleke fidia msikitini kabla ya Idi. Ameniambia mama yake alinuna njia nzima na Godlisten, akalalamika pikapu ni ndefu mno, mtu anapanda kama anapanda mnazi.

Jumanne, 19 Januari

Idi. Imeangukia siku ya mashine, kwa hiyo sherehe imefanyika jioni. Bi Kijakazi amerudi kutoka kituoni hana nguvu ya kusimama, akawa anapika kwa mdomo: ameketi kwenye kiti mlangoni mwa jiko, mimi na jirani zake tunakoroga, yeye anatukosoa. Mzee Gervas ndiye aliyemleta, kwa hiyo akabaki kula. Tulikaa pembe mbili za chumba.

Sahani zilipokwisha kupita, Bi Kijakazi akamwita kwa jina, bila Mzee, kama mkubwa anavyomwita mdogo wake.

“Gervas. Nikikosa mashine n'nakufa, na hilo Bena analijua kama wewe. Lakini Jumamosi hutoka kwangu n'na furaha, sendi kama mgonjwa. Hiyo nayo dawa. Mpe masharti huyu mtoto, usimpe likizo.”

Mzee Gervas akafuta vidole polepole. Akasema masharti ni mawili: matairi manne, na yeye mwenyewe atakaa ndani ya gari siku ya theluji aone. Kisha akaongeza nyama kwenye sahani yangu, bila kunitazama.

Vuai alinisindikiza mpaka nje. Nikamsifu kwa ngazi safi za ile asubuhi ya barafu. Akashangaa. Yeye huondoka kabla hapajapambazuka, koleo hana. Ni Mzee Gervas, akasema. Kila theluji ikianguka anakuja toka kwake kukwangua zile ngazi, halafu anakwenda zake, hata hodi habishi.

Nimeendesha mpaka Arlington nikiwa na aibu na shukrani vimechanganyika. Bwana Kanuni, nami nilikuwa namcheka.

Jumamosi, 23 Januari

Fairfax. Chebet aliniona nikiingia, akatazama magurudumu yangu kupitia dirishani, akaelewa yote.

“Uliumia?” Ndilo swali lake la kwanza.

Nikamsimulia. Nikamwomba radhi kwa niliyomfikiria, akasema usijali, kila mtu anataka mbili. Amenifungia manne, membamba, raba laini hata kwenye baridi inabonyea kwa kidole, yenye mikato midogomidogo mingi, kwenye zile rimu nyeusi. Nimelipia kwa pesa niliyokuwa nimeweka kwa ajili ya spika mpya. Kiatu sasa kinafanana na bibi harusi aliyevaa ndala. Zile rimu zangu nzuri zimelala chini ya kitanda, zimefunikwa shuka.

Akanipeleka uwanja wa nyuma wa maegesho wenye theluji ya jana, akaketi kando yangu. Nikimbie kidogo, nikanyage breki. Nikate kona. Nilihisi mbele inauma chini, inanisikiliza. Akanionya nisilewe: matairi haya yananipa nafasi ya kukosea kidogo tu, mwendo bado ni wa mtu mzima.

Jumapili, 31 Januari

Mzee Gervas ameyakagua kanisani, ameinama na suti yake. Amekuna kidevu. “Mabaya,” akasema. Kisha: “Lakini ndiyo yenyewe.” Jumamosi nimerudishiwa, ila ikianguka theluji ni lazima awepo.

Jumamosi, 6 Februari

Nimempata tena Bi Kijakazi. Jua kali, barabara kavu. Kishikio, njia nzima, na tulipokaribia ile kona ya kilima alikishika kwa mikono miwili. Nilipunguza mwendo mpaka watoto wa mtaani wakatupita kwa miguu. Sanduku jipya la barua limesimama. Tulishuka tukampa yule mama mandazi.

Jumamosi, 20 Februari

Kishikio. Mikono miwili kwenye kona. Ana haki.

Jumamosi, 27 Februari

Hakuna theluji. Nimeanza kuiombea, Mungu anisamehe.

Jumanne, 9 Machi

Imekuja. Nilipoamka dirisha lote lilikuwa jeupe na bado inaanguka, mapande mazito. Ofisi wametangaza tusiende. Nikakumbuka ni Jumanne, si siku yangu, nikarudi kujifunika.

Simu ikalia. Mzee Gervas hakusalimu. Gari lake kubwa, ambalo hulisugua kila Jumapili, limeshindwa kutoka mlangoni kwake. Pikapu ya Godlisten iko gereji. Akakohoa.

“Bena, nakuomba. Nipitie, twende wote. Zamu ni yangu.”

Kwa miaka niliyomfahamu sijawahi kumsikia akisema nakuomba. Nilikuwa nimeshavaa kiatu kimoja.

Nimeendesha kama Chebet alivyonifundisha, miguu mepesi, nafasi kubwa mbele. Magari ya watu, mapya, marefu, yalikuwa yamelala kandokando ya barabara. Kiatu kilikwenda. Mzee Gervas nilimkuta nje na koleo lake. Kumwingiza kiti cha nyuma ilikuwa kazi: magoti kwenye kidevu, kofia imebonyezwa na paa. Akakwangua ngazi za Bi Kijakazi mbele ya macho yetu, safari hii bila kujificha, na Bi Kijakazi akamwambia Mungu akuweke, Gervas, kama mtu aliyejua siku zote.

Kilima tulikipanda. Kwenye kuteremka Bi Kijakazi akakamata kishikio kwa mikono miwili. Nyuma yangu Mzee Gervas alishika kiti changu. Nikaweka gia ndogo, nikakata kulia, mapema, polepole. Mbele ikauma. Gari likapinda, lote, kichwa na mkia, likapita sanduku la barua kwa heshima. Tulipofika chini Mzee Gervas akasema, “Haya.”

Bi Kijakazi alisafishwa damu saa zake zote. Tulimsubiri, mimi na Mzee, tukinywa kahawa ya mashine, akinisimulia alivyojifunza kuendesha kwao Mbinga. Kumbe ni mcheshi.

Kurudi, theluji ilikuwa imepungua. Tulipinda ile kona, tukapanda kilima, tukateremka. Ilinichukua muda kutambua kwamba kuna kitu kimebadilika. Nikageuka kidogo. Mkono wa Bi Kijakazi ulikuwa umelala mapajani, kiganja kimefunguka. Kichwa kimeegemea kioo. Alikuwa amelala usingizi mzito, mdomo wazi, katika gari langu, katika theluji.

Tukafika mlangoni kwake. Nikapunguza mwendo nisimame. Mzee Gervas, mtu asiyekubali hata tone la petroli lipotee, akaninong'oneza kutoka nyuma:

“Usimwamshe. Zunguka tena mtaa.”

Nikazunguka.